Siku 84 Si Miezi Mitatu: Kuutunza Muda Ndani ya Hifadhidata

Mlinzi wa ghala la mahindi mjini Sumbawanga huingia lindoni saa 12 jioni na kukabidhi lindo saa 12 asubuhi. Kwenye kauntabuku huandika “Ijumaa, saa 12 hadi saa 12”, kisha hutia saini. Yeyote anayelifungua daftari hilo huelewa kwamba mzee amekesha usiku kucha, tena pengine katika baridi ya Juni ambayo mji huu, ulioko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, unaijua vizuri. Peleka mstari huohuo kwenye kompyuta: 12 kutoa 12 ni sifuri, yaani mzee hakufanya kazi kabisa. Badilisha saa ziwe 18:00 na 06:00: 6 kutoa 18 ni hasi 12, yaani mzee ndiye anayedaiwa.

Nimewahi kuletewa karatasi ya malipo yenye kosa la namna hii. Mwenye karatasi alikuwa mtu wa umri wa baba yangu, na aliyeuandaa mfumo wa ofisi yao alikuwa kijana hodari asiye na nia mbaya yoyote. Alikosea jambo moja tu: alitenga safuwima ya saa ya kuingia na ya saa ya kutoka, akasahau tarehe. Usiku unavuka kutoka siku moja hadi nyingine, na saa isiyo na tarehe haiwezi kuvuka nao.

Nawaandikia vijana kama huyo: maafisa TEHAMA wa halmashauri zetu za Sumbawanga, Nkasi na Kalambo, makarani wa vyama vya ushirika, wahasibu wa SACCOS, na wanafunzi wanaopewa kazi ya kutengeneza mfumo wakiwa hawajawahi kuambiwa kwamba muda ni kitu kigumu kukihifadhi. Naandika pia kwa wasioandika programu lakini wanaagiza mifumo na kuilipia, kwa sababu mengi ya maamuzi haya ni yao kabla hayajawa ya fundi.

Wakati, muda, kipindi

Kiswahili kimeshatufanyia nusu ya kazi. Tuna wakati, ambao ni nukta moja: lori lilipopimwa uzito, mtoto alipozaliwa, mlinzi aliposaini. Tuna muda, ambao ni urefu bila mahali pa kuushikiza: saa tatu, siku 84, miezi sita. Tena tuna kipindi, chenye mwanzo wake na mwisho wake: likizo ya kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani, msimu, zamu ya Ijumaa. Hivi ni vitu vitatu, na kila kimoja kinahifadhiwa kivyake. Makosa mengi niliyoyaona yanatokana na kuvichanganya.

Neno linalotuponza ni “saa”. “Alifika saa mbili” na “alisubiri saa mbili” ni sentensi mbili zenye maana mbalimbali kabisa, lakini fomu yenye kisanduku kilichoandikwa “Saa” peke yake itapokea majibu ya aina zote mbili, na hakuna programu itakayokuja kuyatenganisha baadaye. Andika “Saa ya kuingia” au “Amefanya kazi kwa saa ngapi”. Ni maneno machache tu, lakini yanaokoa miezi ya kusafisha data.

Hifadhidata ninayoizungumzia ni ile ya majedwali yanayohusiana, ambayo msingi wake uliwekwa na Edgar F. Codd mwaka 1970. Ndani yake kila safuwima hutangaziwa aina ya kitu itakachobeba: namba, maneno, tarehe, wakati. Lugha ya SQL, ambayo ndiyo inayotumika kuzungumza na hifadhidata hizi, ina pia aina ya muda, inayoitwa INTERVAL. Lakini hifadhidata zenyewe hazifanani. PostgreSQL na Oracle zinakuruhusu kuwa na safuwima ya muda. MySQL na MariaDB kwa desturi hulitumia neno INTERVAL ndani ya hesabu, huku safuwima zikitangazwa kwa aina nyingine. SQL Server haina aina hiyo. SQLite, ambayo imo ndani ya simu nyingi tunazozishika, haina hata aina maalumu ya tarehe: huhifadhi maandishi au namba, na wewe ndiye unayejua maana yake. Basi kabla hujafuata mfano uliouona mahali, hakikisha ni wa hifadhidata unayoitumia.

Kanuni ninayoifuata ni hii. Muda uliopimwa, kama zamu ya mlinzi au safari ya lori, usiuhifadhi. Hifadhi mwanzo na mwisho, vyote viwili vikiwa na tarehe, kisha acha urefu ukokotolewe kila unapohitajika:

mwanzo 2025-06-13 18:00
mwisho 2025-06-14 06:00

Toa cha juu kwenye cha chini, unapata saa 12, bila ujanja wowote. Ukihifadhi urefu peke yake, umepoteza habari ya lini, na huwezi tena kujibu ukiulizwa ni saa ngapi kati ya hizo zilikuwa za usiku. Ukihifadhi vyote vitatu, siku moja mtu atasahihisha saa ya kutoka na kuusahau urefu, na jedwali litabaki na majibu mawili yanayogombana. Ongeza pia sharti ndani ya jedwali lenyewe ili hifadhidata ikatae upuuzi kabla haujaingia:

CHECK (mwisho > mwanzo)

Muda ulioahidiwa ni habari nyingine. Likizo ya siku 84, mkopo wa miezi sita, hati ya miaka 33: hapo urefu wenyewe ndio mkataba, nao lazima uhifadhiwe kama ulivyotamkwa, kwa kipimo kilekile kilichotamkwa. Nitaurudia huu chini, maana ndipo watu wanapoumia.

Usiku wa nani?

Tarehe nayo ina mitego yake kwetu. Kwa hesabu ya watu wa pwani, siku huanza jua linapozama, hivyo usiku wa Ijumaa ni ule unaofuata Alhamisi mchana. Huku bara wengi wanaposema usiku wa Ijumaa wanamaanisha ule unaofuata Ijumaa mchana, na mwangalifu husema “usiku wa kuamkia Jumamosi”. Karani aliyekuja kutoka Tanga na mlinzi aliyezaliwa Laela wanaweza kuandika maneno yaleyale wakimaanisha mausiku mawili tofauti. Tarehe kamili, mwaka-mwezi-siku, inamaliza ubishi.

Saa ya Kiswahili vilevile isiingizwe ndani ya hifadhidata kama ilivyo. Wengine hudhani kwamba ni kupunguza sita tu, na kwamba kwa kuwa tofauti hubaki ileile hakuna hatari. Si kweli. Anayeingia saa 11 alfajiri na kutoka saa 1 asubuhi amefanya kazi saa mbili, lakini 1 kutoa 11 ni hasi 10. Skrini inaweza kumwonyesha mtumiaji saa ya Kiswahili, na ninahimiza ifanye hivyo kwa kuwa ndiyo saa anayoifikiria, ila kinachohifadhiwa kiwe saa 24: 05:00 na 07:00.

Sasa turudi kwa mlinzi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema kazi ya usiku ni ile inayofanywa baada ya saa 2 usiku na kabla ya saa 12 asubuhi, na mfanyakazi alipwe angalau asilimia 5 ya ujira wake wa msingi kama nyongeza kwa kila saa ya usiku. Tazama jambo la Sumbawanga hapa. Saa yetu rasmi ni ya longitudo ya 45 mashariki, nasi tuko karibu na 31.6, kwa hiyo jua letu huchelewa kwa zaidi ya dakika 50 nyuma ya saa ya ukutani. Mwezi Julai jua huchomoza hapa baada ya saa 1 asubuhi. Mlinzi akikabidhi lindo saa 12 bado ni giza, lakini usiku wa sheria umekwisha. Mfumo ufuate sheria, si dirisha.

Ni saa ngapi basi za usiku katika zamu yake? Hapa unatafuta sehemu ambayo vipindi viwili vinashirikiana: kipindi cha zamu, 18:00 hadi 06:00, na kipindi cha usiku, 20:00 hadi 06:00. Chukua mwanzo ulio wa baadaye kati ya miwili, chukua mwisho ulio wa mapema kati ya miwili, toa. Ni 20:00 hadi 06:00, saa 10. Ikiwa mwanzo uliochaguliwa unaangukia baada ya mwisho uliochaguliwa, vipindi havikutani na jibu ni sifuri. Hesabu hii fupi inafaa kila mahali: siku za likizo zinazoangukia ndani ya mwezi wa mshahara, siku za mkopo zilizo ndani ya mwaka wa fedha, siku ambazo gunia lilikaa ghalani kabla ya bei kubadilika.

Kukaribiana na kupishana

Mlinzi wa mchana hutoka saa 12 jioni na wa usiku huingia saa 12 jioni. Je, saa 12 jioni yenyewe ni ya nani? Mkijibu “ya wote wawili”, mfumo utalalamika kwamba zamu zinapishana. Mkijibu kwa kuandika kwamba wa kwanza alitoka 17:59, mmempunja dakika, na mkifanya hivyo kila siku kwa mwaka mzima mmempunja zaidi ya saa sita.

Jibu lililozoeleka kwa wataalamu ni kuuhesabu mwanzo ndani ya kipindi na kuuacha mwisho nje. Zamu ya mchana inamiliki kila nukta kuanzia 06:00 hadi kabla ya 18:00, na 18:00 yenyewe ni ya anayeingia. Kwa tarehe ni hivyohivyo: likizo ya siku 84 inayoanza tarehe 1 Machi ina siku yake ya mwisho tarehe 23 Mei, lakini ndani ya jedwali mwisho uandikwe 24 Mei, siku ya kurudi kazini. Uzuri wake ni kwamba 24 Mei kutoa 1 Machi ni 84 kamili, huna haja ya kukumbuka kuongeza moja. Kwenye barua ya mfanyakazi chapisha 23 Mei, kwa sababu ndivyo watu wanavyosoma.

Kwa mpangilio huo, kujua kama vipindi viwili vinapishana ni mstari mmoja:

a.mwanzo < b.mwisho AND b.mwanzo < a.mwisho

Watu huandika masharti manne au matano yenye “au” nyingi: kama hiki kimeanza ndani ya kile, au kimeishia ndani, au kimekizunguka. Wanasahau mojawapo kila mara. Mtafiti James F. Allen alionyesha mwaka 1983 kwamba vipindi viwili vinaweza kuhusiana kwa njia 13, kuanzia kutanguliana hadi kulingana kabisa. Mstari huo mmoja unazitenganisha zote katika makundi mawili unayoyahitaji: zinazopishana na zisizopishana.

Chukua ghala linalokodishwa kwa vyumba baada ya mavuno. Chumba namba 4 kimekodishwa kuanzia 1 Julai hadi 1 Oktoba. Karani wa pili, asiyejua, anakikodisha tena kuanzia 15 Septemba, na asubuhi ya tarehe 15 kuna malori mawili mlangoni. Kuandika swali la kuangalia kwanza hakutoshi, kwa sababu makarani wawili wanaweza kuangalia kwa sekunde moja, wote wakaona nafasi, wote wakaingiza. Zuio liwe ndani ya hifadhidata yenyewe. PostgreSQL ina aina za vipindi, kama daterange, tangu toleo la 9.2 la mwaka 2012, pamoja na sharti linalokataa safu mbili zinazopishana kwa chumba kilekile. Na toleo la 18 la mwaka 2025 limeleta maneno WITHOUT OVERLAPS yanayoandikwa moja kwa moja kwenye ufunguo wa jedwali. Kwa anayeanza mfumo mpya wa kukodisha, kupanga zamu au kutunza mikataba, sababu hii moja inanitosha kumshauri achukue PostgreSQL.

Halafu kuna kipindi ambacho hakijaisha. Mwanachama bado yumo, mlinzi bado yuko lindoni. Wapo wanaoweka mwisho wa bandia, 9999-12-31, na wapo wanaoacha tupu. Mimi naacha tupu, maana utupu unasema ukweli: mwisho haujulikani. Ila kumbuka kwamba kwa SQL kitu tupu kikilinganishwa na chochote hakitoi ndiyo wala hapana, hivyo mlinzi aliyeko lindoni atapotea kwenye ripoti kimyakimya usipoandika wazi namna ya kumhesabu.

Ahadi ipimwe kwa kipimo chake

Sheria hiyohiyo ya ajira inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Mara ngapi tumesikia ikiitwa “miezi mitatu”? Miezi mitatu kuanzia 1 Machi inafika 1 Juni, siku 92. Kuanzia 1 Februari 2025 inafika 1 Mei, siku 89. Mfumo uliowekewa miezi mitatu utampa kila mama likizo ya urefu tofauti kutegemea alijifungua lini, na hakuna hata mmoja atakayepata kile sheria ilichotaja. Vivyo hivyo saa za ziada: kikomo ni saa 50 katika mzunguko wa wiki nne, na wiki nne ni siku 28, si mwezi wa mshahara.

Kliniki nazo zina vipimo viwili ndani ya kadi moja. Chanjo za awali baada ya zile za kuzaliwa hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14, yaani siku 42, 70 na 98. Chanjo ya surua na rubela hutolewa akiwa na miezi 9 na miezi 18. Programu ikigeuza mwezi kuwa siku 30 ili kurahisisha kazi, mtoto aliyezaliwa 1 Juni 2024 ataitwa siku ya 270, ambayo ni 26 Februari 2025, ilhali miezi tisa yake inatimia 1 Machi. Siku tatu zinaonekana kidogo kwa aliyeketi ofisini. Mama aliyetoka na mtoto mgongoni kitongoji cha mbali, akafika kituoni na kuambiwa arudi siku nyingine, anazihesabu vingine.

Waliotengeneza PostgreSQL walilielewa hili. Ndani ya aina yake ya muda, miezi huhifadhiwa mahali pake, siku mahali pake, na saa pamoja na vipande vyake mahali pake, kwa sababu mwezi hauna idadi moja ya siku, na siku nayo, katika nchi zinazosogeza saa mara mbili kwa mwaka kama Uingereza, si lazima iwe na saa 24. Lakini ukiilazimisha kulinganisha, itakubali kwamba mwezi 1 ni sawa na siku 30. Ni makadirio ya kupangia mistari tu, usiyatumie kumlipa mtu.

Mikopo inaonyesha mtego mwingine. Tuseme mkopo umetolewa 31 Januari 2024, wa marejesho ya kila mwezi. Ongeza mwezi mmoja:

DATE '2024-01-31' + INTERVAL '1 month'

PostgreSQL inajibu 29 Februari 2024, siku ya mwisho iliyopo. Oracle, kwa hesabu ya namna hiyo, inakataa na kutoa kosa. Sasa ukiongeza mwezi mwingine juu ya lile jibu, unapata 29 Machi, na mkopaji amepotezewa siku mbili ambazo hazirudi tena hadi mwisho wa mkopo. Ukiongeza miezi miwili juu ya 31 Januari unapata 31 Machi. Kwa hiyo ratiba ya marejesho ihesabiwe kila mara kutoka tarehe ya kwanza, mwezi 1, miezi 2, miezi 3, wala isipande ngazi juu ya rejesho lililotangulia.

Kwa ahadi ndefu zaidi, angalia chombo kinafika wapi. Hatimiliki za ardhi nchini hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Aina ya TIMESTAMP ya MySQL kwa kawaida huishia tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa zetu. Hati ya miaka 33 iliyotolewa mwaka 2025 inaisha 2058. Tumia DATE kwa jambo la namna hii. Aliyepewa hati haimhusu saa wala dakika.

Msimu hautoshei ndani ya mwaka

Huku kwetu Ufipa mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hivi hadi Aprili. Mahindi yaliyopandwa Desemba 2024 yanavunwa katikati ya 2025. Hata kilimo cha zamani cha Wafipa cha matuta ya kuozesha majani kilivuka miaka: tuta lililopigwa mvua hizi lilitawanywa mvua zinazofuata. Halafu bado nakuta majedwali ya mazao yenye safuwima moja iitwayo “mwaka”. Karani mmoja anaandika mwaka wa kupanda, mwenzake anaandika mwaka wa kuvuna, na ukijumlisha unapata mwaka wenye mavuno maradufu ukifuatiwa na njaa ambayo haikutokea. Weka jedwali dogo la misimu, lenye jina, mwanzo na mwisho. “2024/2025” liwe jina tu, kazi ifanywe na tarehe. Mwaka wa fedha wa serikali, 1 Julai hadi 30 Juni, uwekwe hivyohivyo. Na wanaotumia SQL Server wakumbuke kwamba DATEDIFF yake huhesabu mipaka iliyovukwa: kutoka 31 Desemba hadi 1 Januari, kwa kipimo cha mwaka, itakuambia umepita mwaka 1.

Kuvuka mpaka

Zambia na mashariki ya Kongo ziko nyuma yetu kwa saa moja. Boti likiondoka Kasanga saa 2 asubuhi na kufika Mpulungu, Zambia, saa 4 asubuhi kwa saa ya huko, limetumia saa tatu, ingawa madaftari ya bandari mbili yatasema mbili. Likirudi, madaftari yatasema nne. Lori linalovuka mpaka wa Kasesya hupata kosa lilelile, na dereva anayelipwa kwa saa hupunjwa akienda na kuzidishiwa akirudi. Dawa ni kuhifadhi kila wakati kwa saa ya ulimwengu, UTC, ambayo sisi tuko mbele yake kwa saa tatu, na kuongeza safuwima ya mahali tukio lilipotokea. Kuhifadhi kwa UTC, PostgreSQL hukufanyia kwa aina ya timestamptz. DATETIME ya MySQL haifanyi: inatunza ulichoandika, bila kujua uliandika ukiwa upande gani wa mto Kalambo ulio mpakani.

Kujumlisha

Hili nalitaja kwa ufupi kwa sababu ni rahisi kuliepuka ukishalijua. Katika MySQL, ukiwa na safuwima ya aina ya TIME yenye 01:30:00 na 01:45:00, kisha ukaandika SUM, jibu ni 27500. Hifadhidata imezisoma kama namba za kawaida, 13000 na 14500. Jibu la kweli ni saa 3 na dakika 15. Geuza kwanza kila muda uwe sekunde, jumlisha, kisha rudisha. Aina hiyohiyo ya TIME haiwezi kubeba zaidi ya 838:59:59, ambayo haifiki siku 35, kwa hiyo haifai kuonyesha gunia limekaa ghalani muda gani. Kwa saa za kazi mimi hukokotoa dakika kama namba nzima. Namba nzima hujumlishwa, hupatiwa wastani na kuhamishwa kutoka hifadhidata moja hadi nyingine bila kubadilika maana, ilimradi jina la safuwima liseme ni dakika: “dakika_za_kazi”, si “muda”.

Kabla ya kuwasha mfumo

Usiitupe kauntabuku siku mfumo unapofika. Viende pamoja kwa miezi miwili mitatu ya malipo, na kila mwisho wa mwezi mtu aketi avilinganishe. Mwombe fundi aingize mbele yako tarehe zinazojulikana kuleta shida: 31 Januari, 29 Februari 2024, usiku wa 31 Desemba, zamu mbili zinazopokezana saa 12 kamili, mfanyakazi ambaye hajatoka. Mwombe akuonyeshe likizo ya siku 84 kuanzia 1 Machi inaishia lini. Wala usione haya kuuliza kwa sababu hujui kompyuta. Haya ni maswali ya kazi yako.

La mwisho, ingiza zamu ya mlinzi, Ijumaa saa 12 jioni hadi Jumamosi saa 12 asubuhi. Usipouona mfumo ukijibu saa 12, kati yake 10 za usiku, usimlipe mtu yeyote kwa hesabu zake.